Sauti ya Avitus na Kompyuta Iliyochelewa Kujibu

Kijana akiniuliza siku hizi namna ya kuiongezea kasi kompyuta ya nyumbani iliyochoka, ile ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kukata majani ya ng'ombe ukarudi na kuikuta bado inajizungusha, mimi humwuliza kwanza inakaa wapi na inatumiwa na nani. Wengi hawalipendi swali hilo. Wanataka niwatajie dawa. Dawa ninazo, na nitazitaja humu kadiri Mungu atakavyonijalia kukumbuka, lakini ninyi mnaoanza kazi hii Kayanga, Omurushaka na Nkwenda mnaipenda mno dawa moja. Mnaiita kupiga window. Mteja hajamaliza kueleza, fundi ameshachomeka flash, anafuta kila kilichomo na kuweka mfumo mpya. Kompyuta inarudi ikiwa nyepesi kama siku iliyonunuliwa, na mwenyewe anaibeba kwenda nyumbani bila kujua kwamba alichokuwa nacho hakipo tena.

Mimi ni Mlutheri wa Kiruruma, mzee wa kanisa. Nilisomea uinjilisti kabla ya kushika bisibisi, na kifua kilipokataa safari za milimani nikapelekwa kukaa karakana. Sikuona wakati ule kama ni neema. Sasa naona, na nashukuru, kwa sababu kazi ile imeniingiza katika nyumba ambazo mwinjilisti asingekaribishwa.

Aliyenifundisha ni mzee Sospeter, Ta Sospeter kama tunavyowaita wazee kwetu, fundi wa redio na taipureta pale Kayanga. Kompyuta zilipoanza kufika maofisini tulijifunza pamoja kwa kuzifungua, yeye akiwa na mashaka nazo kama mtu anayeletewa ng'ombe wa kizungu. Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja mgongoni mwa mashine na kunyamaza kwa muda. Mwalimu mmoja akamwuliza kama anaiombea.

"Naipima homa," alijibu. "Wa kuombea ni huyu hapa," akanionyesha mimi, "na bado hajapona hata yeye."

Kiganja kile kilikuwa na maana. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kama mtu anayepanda mlima na mzigo akiamua kutembea polepole. Nusu ya kompyuta nzito nilizoletewa maishani hazikuwa na ugonjwa mwingine ila joto. Nimetoa ndani ya makasha viota vya panya, mijusi iliyokauka, na siku moja senene, yule panzi wetu wa kuliwa, ambaye mwenye mashine aliapa kwamba hakumweka yeye. Zima mashine, chomoa waya, ifungue, chukua brashi laini ya rangi, na unapopuliza vumbi ishike feni kwa kijiti isizunguke. Kazi hiyo haihitaji shule. Inahitaji mtu asiyeona haya kupiga chafya mbele ya mteja.

Ta Sospeter hakufia kwenye kompyuta. Aliziacha. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akikusanya maneno ya Kinyambo, majina ya ndizi na ya nyasi na ya magonjwa ya mifugo, kazi ya miaka mingi, yote ndani ya kompyuta moja nzito. Ta Sospeter aliifuta na kuipa mfumo mpya bila kuuliza, kwa kuwa siku ile foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu alipokuja kuichukua aliitafuta kazi yake, hakuiona, akauliza taratibu kama iko mahali pengine. Alipoambiwa, alisema asante akaondoka. Asante ile ndiyo iliyommaliza Ta Sospeter. Mwaka haukuisha yule mwalimu akafa, na maneno yake hayakuandikwa tena na mtu. Ta Sospeter akarudi kwenye redio zake. Akiona mtu kabeba kompyuta alikuwa ananionyesha mimi kwa kidevu tu.

Kwa hiyo Denis aliponipigia simu kutoka Nkwenda, nikiwa tayari nimestaafu na nimeshika jembe, nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Denis nilimfundisha mimi, na sasa ana duka lake karibu na wanunuzi wa mazao. Ni fundi mzuri, mwenye haraka.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, njoo unisaidie. Kuna mzee hapa kaja na kompyuta yake, nimemwambia niipige window, kaikumbatia. Anasema nikiigusa atalala humu dukani."

"Mwache alale."

"Mzee, haoni. Ni kipofu. Kila mteja akiingia, yeye ndiye anamsalimia akidhani ni mimi, nimekuwa kama mgeni kwangu."

Nilipanda bodaboda. Nilimkuta Ta Projestus ameketi kwenye benchi, kasha la kompyuta limefungwa kwa kitenge na kuwekwa mapajani. Alikuwa katekista wa Kikatoliki kule Isingiro, na presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo mpaka ikaisha. Nilimsalimia, akanitambua kwa sauti kuwa ni mtu mzima mwenzake, akasogea kunipa nafasi.

"Huyu mtoto wako anataka kunifutia mwanangu," aliniambia.

Denis akanieleza. Ta Projestus alikuwa na mtoto wa kiume, Avitus, aliyekuwa akinunua maharage na kahawa pale pale Nkwenda na kurudi kwao mwisho wa wiki. Baba alipokuwa kipofu, Avitus alimwekea kompyuta hiyo nyumbani. Alidondosha tone la nta ya mshumaa juu ya vitufe vitatu ili baba avijue kwa kidole. Ukibonyeza cha kwanza, Avitus anasali sala ya asubuhi kwa Kinyambo. Cha pili, sala ya jioni. Cha tatu, anamsomea baba habari za wiki: bei ya kahawa imefikaje, nani anaumwa, nani kazaa, ng'ombe wa nani kaibwa. Kila wiki alikuwa anarekodi habari mpya, na kitufe kile kinazifungua zile za mwisho.

Habari za mwisho zilikuwa za mwaka uliopita. Avitus alirekodi, akaenda kazini Nkwenda, na Jumamosi akirudi nyumbani kwa pikipiki aligongwa na lori. Alizikwa kwenye kibanja cha baba yake, nyuma ya nyumba.

"Mimi sikukataa kumhifadhia sauti," Denis alisema. "Nilitaka kuzinakili kwenye flash kwanza, halafu ndipo nipige window. Zinagoma. Nikinakili, mashine inaganda. Nikajaribu tena, ikaganda. Nikajaribu tena."

"Acha kujaribu," nikamwambia.

Hapo vijana sikilizeni, kwa maana hapa ndipo wengi huua mgonjwa wakidhani wanamtibu. Kompyuta inayoganda unaponakili faili si nzito tu. Huenda diski yake inakufa. Kila unapoilazimisha unaitumia pumzi iliyobaki. Na anayefuta na kuweka mfumo mpya juu ya diski ya namna hiyo anazika mtu kabla hajakata roho.

Sikuifungua pale dukani. Nilitaka kuona inapokaa. Tukakodi gari dogo, mimi na Ta Projestus na kasha lake, tukaenda Isingiro.

Nyumba ilikuwa safi, ya bati, migomba imeizunguka mpaka dirishani. Sebuleni kulikuwa na magunia ya kahawa iliyokaushwa, yamepangwa ukutani mpaka juu, kwa kuwa kahawa ikiachwa nje hulali kwa kuhofia wezi. Meza ya kompyuta ilikuwa katikati ya magunia hayo, na juu ya meza kulikuwa na kitambaa kizuri cha kufuma, kirefu, cha kulifunika kasha lote mbele na nyuma. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Vumbi la maganda ya kahawa huingia kila mahali, na kitambaa kinaziba pale mashine inapopumulia.

Mke wake, Ma Domitila, alitoka jikoni akifuta mikono. Alisalimia vizuri, akanipa kiti, kisha akauliza, "Mzee wangu, umekuja kuizima?"

"Nimekuja kuiona, Ma."

"Kuiona utaiona. Kuisikia ndiko kutakushinda."

Tuliiwasha. Ta Projestus alikaa mbele yake akiwa ameweka mikono magotini kama mtu anayesubiri komunyo. Nilisikia ndani ya kasha sauti kama ya ukucha unaogonga bati, ikinyamaza, ikigonga. Kioo kilipotulia, mzee alipapasa vitufe, akapata tone la tatu, akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Alingoja. Akabonyeza tena. Akangoja, akabonyeza mara nyingine, safari hii kwa nguvu.

"Inanidharau kwa kuwa sioni," alisema.

Ndipo sauti ikaja. Ya kijana, changamfu, ikamsalimia baba yake: Tata, kamwene. Ikaanza kusema kahawa imepanda kidogo. Haijafika mbali, Avitus wa pili akaanza kusalimia. Kisha wa tatu. Kila mara baba alipokuwa amebonyeza, mashine ilikuwa imekumbuka, na sasa inalipa yote kwa pamoja. Chumba kikajaa mtu mmoja aliyekuwa wengi, huyu akitaja mgonjwa, yule bado kwenye bei, mwingine ndiyo kwanza anabisha hodi. Na mwishoni, kila mmoja kwa zamu yake, wakasema maneno yale yale: Jumamosi nitakuwa nyumbani. Jumamosi nitakuwa nyumbani. Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Ta Projestus alikuwa ameinamisha kichwa, akijaribu kumfuata mmoja kati yao. Ma Domitila hakuwemo tena chumbani.

Nilimfuata kibanjani. Alikuwa amesimama kando ya kaburi, anapogoa majani makavu ya mgomba kwa kisu, kazi ambayo haikuhitaji kufanywa saa ile.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia, Ma."

"Kila siku ananiambia atakuja Jumamosi. Tena wanakuja wengi. Mimi nilizaa mmoja." Alikata jani likaanguka. "Ipige hiyo window wanayoisema. Mwambie imekufa yenyewe. Hataona."

"Siwezi kumdanganya mtu asiyeona."

"Na mimi ninayeona, unanifanyia nini?"

Katika uinjilisti tulifundishwa maneno ya kuwaambia waliofiwa, na mengi ni ya kweli, lakini hakuna lililofaa kusemwa mbele ya kaburi lile na sauti zile zikiwa bado zinasikika dirishani. Nilimwambia tu kwamba sitafuta kitu wala kukibakiza kwa siri. Nitafanya niwezalo mashine iache kuzirundika sauti, na litakalotokea nitawaambia wote wawili kwa pamoja.

"Basi fanya," alisema. "Mimi nitakuwa jikoni."

Nilipomwambia Ta Projestus kwamba mkewe anateseka, alisema, "Najua. Anatoka kila ninapobonyeza. Nasikia mlango. Lakini yeye ana picha ukutani. Anamwona akipita na chai, anamwona akifagia. Mimi nina nini?"

Ndivyo walivyokuwa wakiishi, wazee wale wawili waliopendana maisha yao yote, kila mmoja akihitaji kile kilichokuwa kikimuua mwenzake.

Nilifungua kasha. Vumbi la kahawa lilikuwa limeshikamana na utando wa buibui likawa kama blanketi juu ya feni. Nililitoa kwa brashi na kwa subira, na nikamwomba Ma Domitila akiweke kitambaa chake kwenye meza ya chakula. Akasema alikifuma ili mashine ya mwanawe isipate vumbi. Nilimwambia alifanya vizuri, na kwamba zamu ya kitambaa imekwisha. Baada ya hapo mashine ilipoa, ikawa na nafuu. Lakini ukucha ndani uliendelea kugonga bati.

Nikawauliza huwa wanaizimaje. Wakatazamana, kama unaweza kusema hivyo kwa watu ambao mmoja haoni.

"Hatuizimi," Ta Projestus alisema. "Aliiwasha yeye, Jumatatu ile alipoondoka. Tulipotoka kumzika tukaikuta inawaka. Nikasema isizimwe kwa mkono wa mtu. Umeme ukikatika ndio unaizima. Hata kuipeleka Nkwenda tulingoja ukatike kwanza."

Nanyi mnajua umeme wetu. Unakatika mvua ikinyesha, unakatika isiponyesha. Moto wa matanga huzimwa matanga yakianuliwa, majivu yakaondolewa na watu wakarudi mashambani. Moto huu hawakuuzima, na kila umeme ulipokatika ghafla diski iliyokuwa ikizunguka na kuandika ilijikwaa, na mahali ilipojikwaa pakabaki kovu. Mwaka mzima wa makovu. Mashine ikiombwa faili lililoko kwenye kovu hujaribu kulisoma tena na tena, na wewe nje unasema ni nzito.

Nitasema kweli ya siku ile. Nilijua kwamba nikiondoka tu, bila kudanganya wala kufuta, diski ingekufa yenyewe kabla ya kahawa ile kuuzwa, na Ma Domitila angepata alichoomba, na hakuna mtu angenilaumu. Nilitoka nje nikasali. Sikuomba ishara. Niliomba nisijifanye hakimu wa nyumba ya watu kwa kukaa kimya. Kisha nikaingia nikawaeleza wote wawili, jikoni, kwamba diski inakufa, kwamba naweza kujaribu kuhamisha yote kwenye diski mpya, na kwamba huenda vingine havitapona.

"Jaribu," Ta Projestus alisema.

Nikamgeukia mkewe. Alikoroga chungu chake. "Ukijaribu, jaribu kwa haki," alisema. "Usije ukamwonea huruma mmoja wetu."

Niliichomoa diski nikaifunga kwa kitambaa, nikaibeba mkononi mpaka Nkwenda, si kwenye mfuko wala kwenye karia ya pikipiki. Dukani kwa Denis tuliiunganisha kando ya diski mpya, zile zisizozunguka ambazo mnaziita esesidi. Diski ya namna hiyo peke yake huirudishia ujana kompyuta ya zamani kuliko dawa nyingine yoyote niliyowahi kuiona. Na uzuri ni kwamba huhitaji kuweka mfumo upya. Unahamisha kila kitu kama kilivyo, mfumo, programu, mpangilio wa mwenyewe, mpaka vitufe vya nta vya Avitus, ambavyo mimi sikujua alivifungaje na sikutaka kuvifungua.

Denis alitaka kwanza kuendesha programu ya kurekebisha diski.

"Hapana. Kurekebisha kunaandika juu yake. Nakili kwanza, kilichopona kiwe salama, kisha urekebishe nakala."

"Mzee, wewe ungekuwa daktari, wagonjwa wangezeeka foleni."

"Wangezeeka wakiwa hai."

Tulitumia programu ile ya kunakili inayochukua kwanza sehemu nzima za diski na kuziruka zilizo na makovu, halafu inazirudia hizo mwishoni, polepole. Mashine yote tuliiunganisha kwenye betri ya sola ya Denis, umeme ukikatika usitukute. Kisha tukaiacha. Sehemu kubwa ya ufundi ni kukaa mikono ikiwa imefungwa, na hakuna anayewafundisha hilo. Denis alihudumia wateja, mimi nilikaa kwenye benchi la Ta Projestus. Siku ya pili mchana, ule ukucha uligonga kwa kasi, ukanyamaza, na haukugonga tena. Diski ilikuwa imekufa.

Tuliwasha nakala. Sala ya asubuhi ilikuwepo, ina mkwaruzo katikati. Habari za wiki zilikuwa nzima, kila neno. Sala ya jioni ilifunguka, ikatoa mlio kama wa mvua juu ya bati, ikanyamaza. Denis alijaribu njia zote nilizomfundisha na zingine ambazo mimi sizijui, kwa maana sasa anajua mengi kuliko mimi. Hakuna kilichotoka.

"Heri zingepotea zile habari," alisema kwa sauti ndogo.

Nilirudi Isingiro nikawaambia, kama nilivyoahidi, wakiwa pamoja. Ta Projestus alikaa akipapasa ukingo wa meza.

"Katika sala ya jioni ndimo alimotutaja majina," alisema. "Wote wawili. Mimi na mama yake."

"Pole sana, Ta."

"Habari ndizo zimepona?"

"Zote."

"Ningechagua sala."

Ma Domitila alikuwa ameshika ukingo wa mlango, na nilielewa kwamba yeye pia angechagua sala. Kile alichotaka kife ndicho kilichobaki kizima, na kile ambacho wote wawili wangekihifadhi ndicho kilichokwenda. Sikusema ni mapenzi ya Mungu. Huenda ni kweli, lakini si kila kilicho kweli ni cha mgeni kukisema.

Niliifunga diski mpya ndani ya kasha, nikaendelea na kazi iliyobaki, kwani kazi husaidia chumba kupumua. Niliondoa programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe kila kompyuta inapoamka. Hizi hujazana bila mwenyewe kujua, na kila moja inataka kuhudumiwa kabla ya mwenye mashine. Niliwakuta walinzi wawili wa kuzuia virusi, wote wanachunguza mlango mmoja na kuchunguzana wenyewe, nikamwachia kazi mmoja. Nilitazama nafasi iliyobaki kwenye diski, maana diski iliyojaa pomoni haina pa kugeukia. Kabla ya kumwaga debe la taka la kompyuta, lile la faili zilizofutwa, niliuliza, kwani nimewahi kuwa na mteja Kayanga aliyehifadhi vyeti vyake humo akidhani ndipo mahali salama pasipoguswa na mtu. Sauti zote zilizopona nilizinakili pia kwenye kadi ndogo, nikampa Ma Domitila aiweke anapojua yeye. Aliitazama, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Kisha nikamwonyesha Ta Projestus kitufe cha kuzimia, nikakidondoshea tone la nta. Nikamwambia kwamba sasa kompyuta itazimwa kila jioni kwa mkono wa mtu, na kwamba mkono huo ni wake. Alikataa. Nikangoja. Alikataa tena kwa sauti ya chini zaidi, na mwishoni akauliza, "Na asubuhi itaamka?"

"Itaamka, tena upesi."

Tukaijaribu. Alizima, akawasha mwenyewe, na kabla hajamaliza kujikohoza ilikuwa tayari. Alitafuta tone la tatu akabonyeza. Sauti ikaja papo hapo: Tata, kamwene. Lakini kidole kilikuwa kimezoea mwaka mzima. Hakijasikia vizuri kama kimejibiwa, kikabonyeza tena, na tena, na chumba kikajaa upya, safari hii kwa kasi kuliko zamani. Ma Domitila, aliyekuwa mlangoni, akageuka kutoka.

Nilinyoosha mkono nizifunge zile sauti. Nilipozifunga nikamsikia amesimama barazani, haendi. Kisha akarudi. Alivuta kigoda, akakiweka kando ya kiti cha mumewe, akakaa. Tangu msiba, alinieleza Ta Projestus baadaye, alikuwa hajawahi kukaa katika chumba kile mashine ikiwaka.

"Bonyeza mara moja," alimwambia, "halafu nipe mkono."

Alibonyeza. Akampa mkono, naye akaushika kwa mikono yake miwili na kuuweka mapajani mwake. Avitus akasalimia. Akasema kahawa imepanda kidogo, maharage yameshuka, fulani katoka hospitali, ndama kaanza kula majani. Alikuwa peke yake, na ilisikika hata pale alipovuta pumzi. Akafika kwenye Jumamosi. Akaisema mara moja. Kidole cha baba kilianza kubonyeza ndani ya mikono ya mama, nayo haikukiachia.

Sauti ikaisha. Kuku walisikika nje, kwenye magamba ya migomba.

"Amemaliza?" Ta Projestus aliuliza.

"Amemaliza," Ma Domitila alisema.